Koti la Kijivu la Mwenyekiti Kyaruzi

"Koti halikatazi, woga ndio hukataza." Naam, ndivyo alivyosema Editha kwenye chai, ninyi wengine mkacheka, kisha mkanijia hapa kuniuliza ni koti gani hilo na lilimkataza nani. Afadhali mmeuliza. Wengi huitia methali hii katika maneno yao kama chumvi, hawajui hata ilichimbwa wapi. Haikutoka kwa mababu, wala haikutoka jandoni. Ilizaliwa kati ya wahasibu, watu wasiosifika kwa methali hata kidogo, na chanzo chake ni hiki ninachowasimulia.

Ninyi mkiwa hamjazaliwa, vyama vitano vya wahasibu kutoka nchi za huku kwenye maziwa viliungana vikafanya umoja. Kila chama kiliwatunza wahasibu wa nchi yake, na umoja ukatunga mtihani mmoja wa kanda, ili kijana aliyefaulu huku aweze kufanya kazi na kule. Makao yalikuwa hapa hapa Bukoba. Katiba yao ilikuwa nzuri, siwezi kuisema vibaya. Kila chama kilikuwa na mjumbe mmoja na kura moja, kikubwa kwa kidogo. Mwenyekiti aliongoza tu, kura hakuwa nayo. Na kulikuwa na kifungu kimoja kifupi: kiti cha mwenyekiti kikiwa kitupu, wajumbe watamchagua mmoja wao aongoze kikao.

Mwenyekiti wa kwanza alikuwa mzee mwema aliyesumbuliwa na tumbo. Alitoka nje mara kwa mara, maskini, na kwa adabu yake aliacha koti kitini, maana yake: narudi sasa hivi, jamani, msihangaike kumchagua mwingine. Watu wakamstahi. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba koti ni mtu. Lakini wahasibu mnatujua. Tumefundishwa kwamba ghala lenye gunia moja haliandikwi kuwa ni tupu. Basi kidogo kidogo wajumbe wakakubaliana vichwani mwao kwamba kiti chenye koti si kiti kitupu. Kilichokuwa adabu kwa mgonjwa kikawa kanuni, bila kupita mlango wa katiba.

Mzee yule alipostaafu akaingia Bwana Kyaruzi, na tumbo la Kyaruzi lilikuwa zima kabisa. Alikuwa mtu mrefu, wa sauti ya chini, hajawahi kumfokea mtu. Aliikuta desturi ya koti, akaipenda. Akiwa na hoja ngumu aliisoma mara moja, akavua koti lake la kijivu, akalivisha mgongo wa kiti, akatoka zake. Kura haikuweza kupigwa, kwa sababu kiti si kitupu, kwa hiyo hakuna wa kuiongoza. Na kupinga, utampinga nani? Akirudi aliuliza, "Mmekubali?" Kimya. "Basi imepita."

Msiwaone wajinga. Waliogopa, na walikuwa na sababu. Kyaruzi huyo huyo aliiongoza kamati ya nidhamu, na mhasibu aliyefutwa na kamati ile hakubaki na nchi hata moja kati ya zile tano ambamo angeweza kufanya kazi yake. Palikuwa na mjumbe mmoja, mkaguzi hodari aliyeitwa Pastory. Siku moja alisimama mbele ya lile koti akasema, "Lakini..." Neno hilo moja, hata hakulimalizia. Masika hayakumkuta na leseni. Nani alipeleka habari kwa Kyaruzi? Hatukujua, na ndipo ubaya ulipozidi, maana kila mmoja alianza kumwogopa jirani yake. Mwishowe hata wakinong'onezana walilipa koti mgongo, kama vile lina masikio. Mimi nilikuwa mwandishi wa vikao vile. Usiku mmoja niliota koti lile limekaa ukingoni mwa kitanda changu, linaningoja niseme.

Sasa sikilizeni. Chama kidogo kuliko vyote kilikuwa cha ng'ambo ya ziwa, na mjumbe wake alikuwa Bi. Asteria Nsengi, mwanamke mfupi, mpole, mwenye mazoea ya kusoma kila kitu hadi mwisho. Katika kikao kimoja aliuliza swali, kwa adabu zote. Akasema katiba inamruhusu mwenyekiti kukaa vipindi viwili. Je, hiki tulicho nacho ni cha ngapi? Jamani! Kilikuwa cha nne, na hapakuwa na mtu chumbani asiyejua. Kyaruzi akatabasamu, akasema ni swali zuri, twendeni tukale kwanza. Nani alikula? Samaki walirudi jikoni kama walivyokuja.

Tuliporudi, Kyaruzi alisoma hoja mpya. Chama cha Bi. Asteria kisimamishwe uanachama kwa utovu wa nidhamu. Mtihani wa kanda ulikuwa unaanza Jumatatu, na vijana wa chama kile walikuwa tayari wamekwisha kuvuka ziwa, wamepanga vyumba huku mjini, wengine wameuza ng'ombe kwa ajili hiyo. Chama kikisimamishwa, wasingeingia chumba cha mtihani, na miaka yao yote ya kusoma ingekwenda na maji. Bi. Asteria alijua hivyo, na sisi tulijua. Kyaruzi akavua koti, akalivisha kiti, akalinyoosha mabega taratibu.

"Nikirudi," akasema, "nikute mmekubaliana." Akatoka, akafunga mlango.

Tulikaa roho mkononi. Madirisha yalikuwa yamefungwa na hakuna aliyethubutu kuyafungua, kwa kuwa aliyeyafunga alikuwa yeye. Wajumbe watano wameketi, na mbele yao koti. Mzee Kamugisha, aliyewazidi wote kwa umri na aliyekuwa rafiki wa Pastory, alikuwa anatazama mikono yake tu. Mjumbe mwingine alianza kusali, midomo ikicheza bila sauti.

Bi. Asteria akasema, "Ndugu zangu, kuna anayeitaka hoja hii?"

Wakainamia makaratasi yao.

"Nauliza tu. Kama mnaitaka, nijue, nikawaambie wale watoto warudi kwao."

Mzee Kamugisha akasema kwa sauti ya chini, "Dada, si suala la kutaka. Hatuwezi kupiga kura. Kiti si kitupu."

"Nani amekaa?"

"Usiniulize hivyo. Unajua nani amekaa."

Bi. Asteria akainuka. Alikwenda hadi mbele akishikilia meza njia nzima, msidhani alikuwa simba. Mjumbe aliyekuwa anasali akasema, "Dada, usiliguse! Tafadhali, utatuponza sote." Yeye akanyoosha mkono, akaurudisha, akaunyoosha tena. Akalinyanyua lile koti, akalikunja mkononi kama mtu anayeanua nguo kambani.

"Mzee wangu," akamwambia Kamugisha, "sasa kitazame. Kikoje?"

Kabla mzee hajajibu, ubao wa sakafu ulilia nje. Hatua zilikuja taratibu kwenye ujia, zikasimama mlangoni. Wajukuu zangu, mimi nimeugua malaria ya kichwa, nimenusurika ajali ya meli, sijawahi kuogopa kama nilivyoogopa pale. Kalamu ilinidondoka. Sote tulikitazama kitasa. Bi. Asteria alikuwa amesimama katikati ya chumba na koti mkononi, hana pa kulificha wala pa kukimbilia, akaanza kutokwa na machozi. Tukangoja kitasa kizunguke.

Hakikuzunguka.

Tukangoja tena. Pumzi za mtu zilisikika nje, lakini mlango ulibaki umefungwa. Na hapo Mzee Kamugisha, ambaye miaka yote hajawahi kupinga lolote, akasema, "Ni kitupu. Kiti ni kitupu. Niongozeni... yaani, nichagueni niongoze, kama mnaona vyema."

Walimchagua kwa kuinamisha vichwa. Hakukikalia kile kiti, alisimama kando yake. Akauliza, "Wanaokubali chama cha Bi. Asteria kisimamishwe?" Hakuna mkono uliopanda, hata mmoja, hata wa mjumbe wa chama cha Kyaruzi mwenyewe. Mliona wapi jambo kama hilo? Hoja ambayo ilikaribia kuwafukuza watoto wote wale, mle chumbani haikuwa na hata mtu mmoja aliyeitaka. "Wanaoipinga?" Mikono ilipanda mmoja mmoja, mingine ikiishia begani, lakini ikapanda. Nikaokota kalamu nikaandika kwamba hoja imeanguka.

"Basi aitwe Mwenyekiti aambiwe," akasema Mzee Kamugisha.

Bi. Asteria ndiye aliyefungua mlango. Kyaruzi alikuwa amesimama pale pale, hatua moja kutoka kizingitini, amevaa shati tu, na shati limelowa jasho kifuani na kwapani. Bila lile koti alionekana mwembamba, mtu wa kawaida wa kupishana naye sokoni.

"Umesikia, Mwenyekiti?" akamuuliza.

"Tangu mwanzo."

"Tangu nilipolishika koti?"

"Tangu uliposema ndugu zangu."

"Mbona hukuingia?"

Kyaruzi akatazama ndani, juu ya kichwa cha Bi. Asteria, akatutazama mmoja mmoja. "Ningeingia," akasema, "halafu mkaendelea?"

Ndipo tulipoelewa kwa nini kila penye hoja ngumu mtu yule alitoka nje. Sisi tulikuwa tunaliogopa koti, na yeye alikuwa nyuma ya mlango anatuogopa sisi, miaka yote ile. Bi. Asteria akampa koti lake. Alilipokea, hakulivaa, akateremka ngazi nalo likiburuta mkono mmoja kwenye vumbi, na hatukumwona tena katika kikao.

Jumatatu vijana wa ng'ambo waliingia chumba cha mtihani. Mzee Kamugisha yeye hakwenda kuwatazama. Alikwenda nyumbani kwa Pastory, akakaa naye barazani. Pastory alipomuuliza ilikuwaje, ni nani hatimaye aliyewaruhusu, mzee alilia kwanza, kisha ndiyo akamjibu kwa maneno ambayo Editha ameyasema leo mkacheka: "Koti halikatazi, ndugu yangu. Woga ndio hukataza."