Kwa Nini Kunde Hubeba Vifundo Mizizini

Zama ambazo sisi hatukuwapo, na waliotusimulia nao hawakuwapo, mizizi ya kunde ilikuwa laini kama uzi. Vijidudu vya udongoni, vidogo kuliko chembe ya vumbi, vilitangatanga gizani bila makazi. Vilijua kazi moja tu, kuupika upepo ukawa chakula. Ila nani apike bila jiko?

Juu ya ardhi alikuwapo mnyampara Kasanda, msimamizi wa mashamba ya mtemi, mtu aliyependa mstari ulionyooka kuliko ugali wenyewe. Alitoa amri: mtama ukae peke yake, kunde zikae peke yake, na shamba litakalokutwa na mtama wa manjano siku ya ukaguzi lipewe mtu mwingine.

Nyamizi, mjane, alikuwa na kishamba kimoja, tena kilichochoka. Kwa kukosa nafasi, alizitia kunde shimo moja na mtama, akafukia, akahakikisha mistari imenyooka.

Mle shimoni palikuwa na msongamano. Vijidudu vikabisha hodi kwenye mzizi wa kunde.

"Tupe chumba, tutakupikia."

Kunde, nayo ina njaa, ikavimba hapa na pale ikavipa vyumba.

Nyamizi hakuyajua hayo. Alichojua ni kwamba mtama wake ulikuwa bado wa manjano na siku zinakwisha. Akachimbua shina moja la kunde, akakuta mizizi imejaa vifundo. Akakipasua kimoja kwa ukucha. Ndani kilikuwa chekundu, kama nyama ya mtu. Akakaa palepale, kiganja juu ya udongo, kama agusaye tumbo la mjamzito.

Ndivyo Kasanda alivyomkuta.

"Mama, hizi si kunde?"

"Ni kunde, bwana."

"Na haya majipu ya mizizini?"

"Hata mimi nashangaa."

"Hushangai, umeleta ugonjwa! Nikirudi siku ya ukaguzi nisione hata jani la kunde."

"Hutaona jani, bwana mnyampara."

Alipoondoka, Nyamizi alishika shina ili aling'oe. Mkono ukakataa. Kitu chenye damu haking'olewi hivihivi. Akachukua kisu, akakata mashina yote usawa wa ardhi, mizizi akaiacha ilale.

Mizizi ikaoza, vyumba vikafunguka, na mtama ukala upepo uliopikwa. Siku ya ukaguzi, katikati ya mashamba ya manjano, kishamba cha Nyamizi kilisimama kijani cha kukaribia weusi. Kasanda alikizunguka mara tatu. Kisha akaenda kumweleza mtemi jinsi amri aliyoitoa yeye mwenyewe ilivyoponya mtama, akapongezwa sana. Nyamizi akabaki na shamba lake, akawafundisha majirani.

Na tangu siku hiyo mtama na kunde hupandwa pamoja, na ajuaye huzikata kunde, hazing'oi. Ukichimba taratibu utaviona vifundo vile, na ndani yake wekundu ule. Humo, kimya kimya, upepo uliokupuliza shavuni asubuhi unapikwa.