Sudi na Ngozi ya Bi Mwanamvua

Hapo zamani za kale, Jumanne moja asubuhi, mkia wa Bwana Mshindo ulikatika.

Ulikatikia juu ya jiwe. Ukaruka peke yake, pata! pata! pata! mpaka ukatumbukia kwenye kisahani cha maji. Bwana Mshindo akabaki na kibutu cha mkia. Aliyemng'ata alikuwa jirani yake, Bwana Ngurumo.

Msishtuke, wanangu. Hao walikuwa mijusi, na mkia wa mjusi huota tena. Waliishi katika sanduku la kioo, nyumbani kwa mfugaji mmoja. Mfugaji mwenyewe hawakumjua. Walichokijua ni Mkono. Asubuhi Mkono ulishuka kutoka juu ukamwaga nyenje. Alasiri ukashuka tena kujaza maji.

Sanduku lilikuwa na pande mbili. Upande wa joto kulikuwa na taa, chini ya taa jiwe, na chini ya jiwe mchanga wenye unyevu. Upande wa baridi kulikuwa na kokoto tu. Mjusi akikaa huko sana, huganda. Mkono ukimkuta ameganda, humdhania mgonjwa, ukamtia kwenye ndoo ya wagonjwa. Waliokwenda ndooni hawakurudi upesi.

Ugomvi ulikuwa wa jiwe. Ngurumo alisema ni lake. Mshindo naye alisema ni lake.

"Shuka, kibutu!"

"Nani kibutu? Kichwa kama kiazi wewe!"

"Mkia wako uko wapi? Kauulize kisahani!"

"Utaota! Kichwa chako je, kitapungua?"

Basi ikawa hivyo tangu asubuhi.

Nyuma ya gome la mti, katika sanduku hilo hilo, waliishi Sudi na mkewe, Bi Mwanamvua. Sudi alikuwa mdogo, urefu wa kidole. Wale wakubwa hawakumhesabu kuwa dume. Walipompita walisema, "Kitoto hicho," wakaendelea kutukanana.

Siku hiyo Bi Mwanamvua alikuwa na mayai mawili tumboni. Yalionekana kupitia ngozi, kama kunde mbili ndani ya mfuko.

"Mume wangu, saa imefika," alisema.

"Leo?"

"Leo hii. Na mayai yanataka mchanga ulio chini ya jiwe. Yale ya kwanza niliyataga kwenye kokoto, yakakauka. Ya pili niliyapeleka mchangani, hao wawili wakaniona. Huyu, 'Bibi, nikuoe mimi!' Yule, 'Bibi, mimi!' Wakapigana juu ya mayai yangu mpaka yakawa uji. Sudi, haya siyapotezi."

"Huyapotezi."

"Utapigana nao?"

"Mimi? Hapana, mke wangu. Naupenda mkia wangu."

Bi Mwanamvua akajikuna mgongoni. Ngozi yake ilikuwa imegeuka nyeupe tangu alfajiri, maana alikuwa anajibambua. Ikatoka nzima, kuanzia puani mpaka mkiani. Akafungua kinywa aile, kwa kuwa mjusi aliyelelewa vizuri hula ngozi yake kuukuu, hasazi hata kipande.

"Usiimeze!" Sudi alipiga kelele.

"Kha! Una nini?"

"Nipe hiyo ngozi."

"Ngozi yangu iachwe nje kama tambara? Majirani watasema sikufunzwa na mama!"

"Haiachwi nje. Naivaa."

Bi Mwanamvua akamtazama. Kisha akacheka. Akacheka mpaka akashika tumbo.

"Wewe! Usinichekeshe, yatatokea hapa hapa!"

Sudi akaivaa kama buibui, akajifunika mpaka puani.

Sasa sikilizeni jambo moja kuhusu mijusi. Hawaaminiani kwa macho, bali kwa ulimi. Dume akikutana na mgeni humlamba kwanza. Akionja dume, huuma. Akionja jike, mkia humtikisika wenyewe, apende asipende.

Sudi akafika kwenye jiwe.

"Hodi, mabwana!" Sauti nyembamba, kama ya mbu.

Ngurumo akashuka. Akalamba. Lap!

"Trrrrrr!" mkia wake ukalia. "Bibi! Karibu, bibi! Karibu kwangu!"

Mshindo akaja mbio. Akalamba. Lap! Kibutu chake kikagonga jiwe, tk! tk! tk!

"Bibi, usimsikilize! Kwangu ndiko kwako!"

"Mabwana, nimekuja kuolewa," alisema Sudi. "Lakini sitaki mume wa kelele. Nataka mume mtulivu."

"MIMI NI MTULIVU!" walipayuka wote wawili.

"Nimesikia. Basi twendeni kwenye kokoto. Atakayekaa asitikisike ndiye mume wangu, na jiwe ni lake."

"Aa, bibi, huo si uungwana," alisema Ngurumo. "Huyu hana mkia. Atatikisa nini?"

"Chochote. Kidole, shingo, hata akilamba jicho, ameshindwa."

Hapo waliguna. Mjusi hana kope, wanangu. Husafisha macho yake kwa ulimi. Kumkataza asilambe jicho ni kama kumkataza mtoto asikune upele.

Hata hivyo walikwenda. Ngurumo akakaa kulia, Mshindo kushoto. Sudi akasimama katikati.

"Moja, mbili, tatu. Kimya!"

Wakawa kama magogo.

Nyuma yao Bi Mwanamvua akatoka kwenye gome. Akapita polepole kando ya kioo, akaingia chini ya jiwe. Kwaru, kwaru, kwaru, akaanza kuchimba.

"Sauti gani hiyo?" aliuliza Ngurumo, meno yamebana.

"Nyenje," alijibu Sudi.

Nyenje mmoja aliyekuwapo, ambaye hakutaka jina lake litajwe, amethibitisha kwamba hakuwa yeye.

Baridi ikaanza kupanda kutoka kwenye kokoto. Ikaingia vidoleni, ikaingia tumboni. Sudi naye akaisikia. Akainua mguu mmoja, akainua wa pili, akarukaruka kidogo apate joto.

Chraaa!

Ngozi ikapasuka kuanzia puani mpaka mgongoni. Kichwa cha Sudi kikatokeza.

Sudi hakupumua.

"Ngurumo," alisema Mshindo polepole. "Huyu si bibi. Ni kile kitoto."

"Naona."

"Basi mkamate."

"Mkamate wewe."

"Wewe uko karibu zaidi."

"Ili nitikisike, wewe uchukue jiwe? Mimi si mjinga."

"Bibi mwenyewe hayupo, wewe kiazi!"

"Jiwe lipo."

Mshindo akafikiri. Kweli, jiwe lipo. Hakutikisika.

Sudi akapumua.

"Mabwana, mashindano yanaendelea," alisema kwa sauti yake mwenyewe. "Mwamuzi anaruhusiwa kutembea."

Akaivua ngozi. Akaila yote palepale, nyam, nyam, nyam, asije akaiaibisha familia ya mkewe. Kisha akatembea taratibu mpaka upande wa joto, akakaa mbele ya jiwe kama bawabu.

"Jicho langu linawasha," alisema Ngurumo.

"Lilambe."

"Lilambe la kwako!"

Hayo ndiyo maneno ya mwisho waliyoyasema pale kwenye kokoto. Baridi iliwafunga taya.

Alasiri Mkono ukashuka na maji. Ukasimama juu ya kokoto. Ukamgusa Ngurumo: kimya. Ukamgusa Mshindo: kimya. Sauti ikasikika kutoka juu, "Masikini! Wawili kwa mpigo!" Mkono ukamwinua Ngurumo, ukamwinua Mshindo, ukawatia wote kwenye ndoo ya wagonjwa.

Humo ndooni kulikuwa na chupa ya maji ya moto. Taya zikafunguka.

"Umetikisika! Nimekuona!" alisema Mshindo.

"Mkono ndio ulionitikisa!"

"Umetikisika!"

"Wewe ndiye uliyetikisika kwanza, kibutu!"

Chini ya jiwe, Bi Mwanamvua alikuwa anafukia yai la pili.

"Wako wapi?" aliuliza.

"Wanaendelea kushindana," alisema Sudi.

"Na wewe, unatikisika nini?"

Sudi akageuka. Mkia wake ulikuwa unalia, trrrrrr, bila yeye kujua. Bi Mwanamvua akacheka tena, safari hii bila kushika tumbo.

Mwenye nguvu akifungwa na ubishi, hahitaji kamba.

Yai la kwanza lilipasuka Ijumaa moja asubuhi, mwezi wa pili ulipoandama. La pili lilipasuka adhuhuri ya siku hiyo. Watoto wote wawili walijibambua, na wote wawili walikula ngozi zao.