Shakwe Masizi na Watu Waliompenda Mno

Mmekaa?
Tumekaa, bibi!
Masikio yenu yako wapi?
Haya hapa!

Basi yashikeni yasikimbie. Hapo kale, kale ambayo hata bibi yangu aliikuta imeshazeeka, samaki walikuwa wakisema na watu wakisikiliza. Siku hizi samaki wamenyamaza, na watu hawasikilizi.

Kulikuwa na kijiji pwani. Jina lake silitaji, maana wajukuu zao wako hai na wana midomo. Kijijini humo alikaa mjane mmoja, Bi Mize, hana mtoto, hana ndugu. Siku moja akaokota kinda la shakwe miambani, akalilea kwa mkono wake, likakua. Na likakua jeupe, wanangu! Jeupe kichwa, jeupe mgongo, jeupe bawa, jeupe kama nini?

Kama tui!

Haya, kama tui. Nani kasema maziwa? Hapa maziwa unayaona wapi wewe?

Shakwe yule alikuwa na akili kuliko baadhi yenu. Asubuhi ngalawa zikitoka, naye hutoka. Akiona kundi la dagaa, huzunguka juu yake, huzunguka juu yake, na kwa weupe wake wavuvi humwona toka mbali. "Kule! Kule mweupe!" Wanapiga kafi, wanatupa nyavu, wanajaza. Wakirudi, kila chombo humpa Bi Mize fungu lake, kwa kuwa ndege ni wake. Ndivyo mjane yule alivyokula. Hana shamba, hana mume, ana shakwe.

Sasa, watu wetu mnawajua. Mtoto akizaliwa mzuri, mama humpaka doa la masizi usoni, ili jicho la hasidi litue pale lisimdhuru. Si ndivyo? Wewe hapo unalo mpaka leo, geuka wenzio wakuone.

Jirani wa Bi Mize aliitwa Bi Zume. Akamtazama ndege, akamtazama tena, akasema, "Shoga, ndege wako mzuri mno, na kijiji hiki kina macho mabaya. Si mie, mie jicho langu baridi. Lakini wengine!"

Akakwangua masizi chini ya chungu chake, akayachanganya na mafuta ya nazi, akampaka shakwe doa moja kichwani. Bi Mize akashukuru. Doa moja litamfanya nini ndege?

Kesho yake akaja seremala wa ngalawa. "Bi Mize, nani kampaka huyu? Zume? Zume ndiye mwenye jicho lenyewe!" Akapaka lake, bawani. Mke wa seremala hakuliamini doa la mumewe, naye akapaka lake, mgongoni. Wakaja wavuvi, wakaja wake za wavuvi, na mama za wake za wavuvi. Kila mmoja na doa lake, kila mmoja jicho lake baridi, kila mmoja anamwogopa mwenziwe. Vyungu vya kijiji kile havijapata kung'aa namna ile.

Ikawa asubuhi shakwe anatoka, anaona dagaa, anazunguka juu yao, anazunguka juu yao, na wavuvi wanakodoa macho. Hawamwoni. Utamwonaje ndege mweusi juu ya maji meusi? Wanarudi na maji ya chomboni. Fungu la Bi Mize likawa dogo, likawa mkia, likawa harufu.

Watu wakamwendea mkuu wao, Sheha Vuai.

"Bwana Sheha, ndege kapigwa jicho!"

"Mlimpaka masizi?"

"Tulimpaka, bwana."

"Mlimpaka ya kutosha?"

Wakaanza kuhesabu madoa kwa vidole.

"Basi kosa ndilo hilo," akasema Sheha. Na mtu huyo, wanangu, ndiye waliyekuwa wakimpisha njia.

Wakaenda kwa Bi Mize na chungu kizima cha masizi na mafuta. Bi Mize akasimama mlangoni na ndege wake mikononi.

"Bwana Sheha, mlikuwa mkimwona kwa weupe wake. Mmempaka, hamumwoni tena. Niachieni nimwoshe, nakuombeni."

"Amwoshe!" akapiga kelele Bi Zume. "Mnamsikia? Anataka kumvua kinga! Hasidi ndiye huyu huyu!"

Sheha akainua mkono. "Chagua, Mize. Tumpake mwili mzima, au kuanzia leo huna fungu katika kijiji hiki."

Mwanamke hana kitu, watoto. Chunguni mwake mna maji matupu. Akawatazama mmoja mmoja, hawa waliokula kwa ndege wake, akasema, "Fungu lileni."

Akamkumbatia shakwe kifuani, mkono mmoja kamshika shingo, akawapenya mbio. Wakamfuata wakipaka popote walipofikia, kichwa, bawa, mgongo, mpaka chungu kikaisha. Alipofika majini akamrusha juu.

"Nenda, mwanangu! Nenda kwa wasiokupenda!"

Akaenda. Na mpaka leo mtazameni: kichwa cheusi, bawa jeusi, ila tumbo jeupe, pale palipokuwa kifuani kwa Bi Mize, na shingoni utepe mweupe, pale palipokuwa mkono wake. Huo hawakuufikia.

Bi Mize aliokota kombe za kula miambani mpaka mwisho wa siku zake. Hakufa njaa, wala hakunenepa. Alilia, tena alilia sana, na si kwa ajili ya samaki.

Wageni wakija wakauliza, "Ndege gani yule?" watu wa kijiji kile walijibu, "Shakwe masizi." Kisha wakatikisa vichwa vyao. "Ndege mchafu yule. Sijui kajipaka wapi."

Jueni basi: adui utamkimbia, lakini anayekulinda kwa hofu zake mwenyewe, huyo ukimkimbia utamkimbilia nani?

Kisa nimekitua. Mwenye nguvu akibebe, asiye na nguvu asikikanyage.