Kanyagio la Marehemu Kasanda

Kilichochoka usikitupe, huenda ndicho kinachoimba. Mmeyasikia maneno hayo kwa fundi baiskeli, mkaja kuniuliza kitu kilichochoka kitaimbaje. Methali hii ilianza hivi, hapa hapa Tabora, enzi ambazo bendi za dansi zilijaza kumbi kila Jumamosi.

Alikuwapo mpiga gitaa la solo aliyeitwa Kasanda. Alikuwa na kanyagio, yaani kisanduku cha chuma kinachowekwa sakafuni na kuunganishwa kati ya gitaa na spika. Mpigaji akikikanyaga, sauti hubadilika. Vya wengine vilikwaruza tu. Cha Kasanda kilikuwa na mkwaruzo mzito, wa taratibu, na aliyekuwa nje ya ukumbi alijua nani anapiga kabla hajamwona.

Kasanda alifariki, akaacha mke, binti yake Nyamizi, na mdogo wake Nkwabi, ambaye naye alikuwa mpiga gitaa. Nkwabi alirithi kile kisanduku lakini alikiweka kabatini miaka mingi. Aliona si haki kuivaa sauti ya kaka yake. Nyamizi alipochumbiwa, akamwendea baba yake mdogo na ombi moja: aingie ukumbini kwa wimbo ambao baba yake alikuwa akimpigia utotoni, na usikike vilevile. Nkwabi hakuweza kukataa. Akakitoa kisanduku, akakiunganisha, akakikanyaga. Hakikutoa hata mlio.

Akakipeleka kwa Kalunde, fundi wa redio karibu na stesheni, mwanamke ambaye hakuweza kukiona kitu kilichofungwa bila kutaka kujua kilichomo. Kalunde akafungua. Akakuta waya umekatika, kapasita moja, kile kikopo kidogo cha kuhifadhi umeme, imepasuka, na betri imevimba na kutoa maji. Akalehemu waya, akabadilisha kapasita, akasafisha kutu, akaweka betri mpya. Nkwabi akapiga. Sauti ikatoka kali, yenye nguvu.

Nkwabi akaacha kupiga. "Kimepona," alisema, "lakini si yeye."

Kalunde hakuudhika. Badala yake akavuta kiti. Akadhani kapasita mpya ndiyo iliyoharibu mambo, akatafuta nyingine ya zamani katika redio mbovu, akaibadilisha. Sauti ikalainika kidogo, lakini haikuwa ile. Akagusa transista, kile kipande kinachokuza sauti, kwa kidole kuona kama imepata moto, akaipuliza ipoe, akasikiliza tena. Bado. Kila alipokosea alizidi kutaka kujua, hata akasahau kula. Hatimaye akaacha kukiuliza kisanduku, akamuuliza mtu.

"Kaka Nkwabi, marehemu alikitunzaje hiki?"

Nkwabi akasema hakukitunza kwa lolote la pekee. Kisha akacheka peke yake. Alikumbuka jinsi shemeji yake alivyokuwa akilalamika kuwa mumewe ni bahili. Kasanda hakuwahi kukinunulia kisanduku chake betri. Alitumia zile zilizotolewa kwenye redio ya nyumbani, sauti ya mtangazaji ilipoanza kuzama.

Kalunde akasimama. Nyumba yao ilikuwa nyuma ya duka. Akamkuta mama yake, Mama Mhoja, amebadilisha betri ya redio yake ndogo na kuiweka ya zamani juu ya takataka alizotaka kwenda kumwaga. Kalunde akaiokota bila kueleza, na mama yake akamfuata dukani kuona mwanawe ana kichaa gani. Betri ikaingizwa. Nkwabi akakanyaga, akapiga sauti chache tu, mkono ukasita kwenye nyuzi.

"Huyo hapo," alisema. Akainama kama anayetafuta kitu sakafuni, nao wakamwacha ainame.

Kalunde akaeleza kwamba mashine ile ikipewa umeme mdogo haiwezi kupiga kelele, ndipo mkwaruzo unapokuwa mzito. Lakini betri iliyochoka ingeweza kukata roho katikati ya wimbo. Akataka kufunga kizungusho cha kupunguza nguvu ya betri mpya. Nkwabi akamwomba afanye hivyo baada ya harusi. Siku hiyo alitaka wimbo upigwe kama kaka yake alivyoupiga.

Harusi ikafika. Nyamizi aliposikia gitaa, alisimama mlangoni. Mama yake akamshika mkono amwongoze, naye akasema, "Ngoja kwanza, mama." Akasikiliza wimbo wote pale pale, kisha akaomba uanzwe upya ndipo aingie. Nkwabi akamtazama Kalunde kwa hofu ya betri. Akaanza tena. Bibi harusi akatembea polepole, mama yake kando yake. Karibu na viti vya mbele sauti ikaanza kudidimia, ikawa nyembamba, na Nyamizi alipoketi ikakoma. Wengi walidhani wimbo unaishia hivyo.

Watu wakamzunguka Kalunde wakitaka kujua ni kifaa gani kipya alichotia ndani. Mama Mhoja ndiye aliyewajibu, kwa kuwa mkono wake ndio uliokaribia kuitupa ile betri jalalani.

"Kilichochoka usikitupe," alisema, "huenda ndicho kinachoimba."