Stoo Haipokei Simu

Mhunzi hushika chuma cha moto kwa koleo. Koleo likivunjika, mwepesi wa kukata tamaa huzima moto akaenda zake; mhunzi wa kweli hutafuta namna nyingine ya kukishika chuma. Methali hii ni rahisi kuitamka mtu akiwa na koleo zima mkononi. Fundi Wino aliijua tangu shuleni, ila alikuja kuielewa baada ya kampuni yao kufungwa.

Waliompa jina hilo hawakukosea. Kwa miaka mingi mwanamke huyu alitengeneza mashine za fotokopi za maofisini, na wino wa unga ulikuwa umeingia kwenye mikunjo ya vidole vyake ukakataa kutoka. Aliipenda karakana yao kuliko alivyowahi kumwambia mtu. Aliipenda harufu ya karatasi yenye joto, redio iliyoshika stesheni moja tu, na mafundi wenzake waliotaniana kutwa nzima. Zaidi ya wote alimpenda mama mtunza stoo, ambaye kila alipopokea simu alisema, "Umevunja nini tena, mwanangu?" Kanuni ya kampuni ilikuwa moja: kifaa kikichoka hakitengenezwi, kinabadilishwa. Fundi akipiga simu stoo, kifaa kipya kinakuja.

Siku mwenye kampuni alipouza kila kitu, mafundi walirudisha mikoba ya zana na funguo. Fundi Wino alifika nyumbani mikono mitupu, akajikunyata kama kuku aliyenyeshewa.

"Shemeji, njoo dukani kwangu uuze magodoro," kaka wa mume wake alimwambia. "Godoro halikwamishi karatasi."

Mumewe, fundi cherehani, alicheka. Fundi Wino hakuweza kucheka. Aliahidi kutoa jibu Jumatatu, na moyoni alijua kuwa akikubali, ufundi wake ndio umezikwa.

Jumatatu asubuhi simu yake ikalia. Alikuwa karani wa shule moja aliyokuwa akiihudumia.

"Dada, mashine imegoma! Inanguruma tu, haivuti karatasi. Mitihani inaanza kesho na hatujatoa hata nakala moja."

"Mimi siko kampuni tena, dada yangu."

"Kampuni siijui. Ninayemjua ni wewe."

Akamwomba mumewe bisibisi ya cherehani.

"Chukua, lakini ukiipoteza nitakushona mdomo," alisema mumewe.

"Halafu utagombana na nani?"

Pale shuleni aliifungua mashine, akaigusa rola inayovuta karatasi. Mpira wake ulikuwa umeisha makali, unateleza kama sabuni. Ulimi ukatangulia akili. "Kifaa kimechoka. Naagiza kingine, kitafika kesho kutwa," alisema, na vidole vyenyewe vikapiga namba ya stoo. Simu ikaita. Ikaita tena. Ndipo alipokumbuka kuwa inaita kwenye chumba kitupu, na yule mama hatauliza tena nani kavunja nini. Machozi yakamlengalenga.

"Kesho kutwa?" karani alimaka. "Watoto wafanye mtihani wa hewa?"

Fundi Wino aliketi sakafuni, rola mkononi. Nusura ampigie shemeji yake papo hapo. Lakini kumbukumbu zilizomliza ndizo zilizomrudisha nyuma zaidi, mpaka mwaka wake wa kwanza, kabla kanuni ile haijaletwa. Fundi mkuu wa wakati huo hakukubali rola itupwe. "Mpira haufi, unalala," alizoea kusema. "Uamshe kwa msasa." Vijana walimcheka, wakamwita Mkono wa Birika. Aliondoka, na maarifa yake wakayaweka kando kwa kuwa stoo ilikuwa imejaa.

Aliomba kipande cha msasa laini kwa seremala wa shule. Akaupangusa mpira kwa kitambaa chenye maji, akaanza kuukwaruza taratibu, roho juu. Akizidisha, mpira utachanika, na hakuna mwingine. Aliirudisha rola, akawasha. Karatasi ya kwanza ikapita. Ya pili ikaingia upande na kukwama. Karani akashika kichwa.

"Niliogopa kuukwaruza upande huu," Fundi Wino alikiri. Akaitoa tena, akausugua na upande ule.

Safari hii karatasi zilitoka moja baada ya nyingine, zikajaza trei. Ile harufu ya joto ikapanda, naye akalia waziwazi.

"Sasa unalia nini, na imepona?"

"Nawakumbuka wenzangu."

Karani akampa leso, akamwacha kidogo. Kisha akauliza, "Itadumu?"

"Itavuka mitihani. Rola mpya nitaitafuta madukani, nikuletee mwenyewe."

"Basi wenzetu wa shule ya jirani nao wanahangaika tangu kampuni yenu ifungwe. Niwape namba yako?"

"Wape. Waambie mimi ndiye ninayepokea."

Akiwa bado mlangoni, alimpigia shemeji yake. "Shemeji, asante sana, Mungu akuzidishie. Ila magodoro yatafutie muuzaji mwingine."

"Una akili kweli, shemeji? Kampuni si imekufa?"

"Imekufa, na nitaililia sana. Lakini fundi yupo."

Akaifuta bisibisi kwa upindo wa kanga na kuelekea shule ya jirani. Kwani kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.