Bomba la Enea

"Kabla hujafukuza moshi, iulize dari." Mmeisikia leo kwa shangazi yenu alipowakataza kuufyeka ule ua wa miiba, mkadhani anautetea kwa uvivu tu, na sasa mnataka kujua imetoka wapi. Haikutoka kwa wenye hekima. Methali hii ilianza kwa mtu mwenye bomba.

Mtu huyo aliitwa Enea Tweve, wa huku huku milimani, ambako baridi humfanya hata jogoo achelewe kuwika. Alifanya kazi miaka sita kwenye mashamba ya chai, na aliporudi nyumbani hakurudi na baiskeli wala redio kama wenzake. Alirudi na jiko la chuma la kuni, na vipande vitatu vya bomba amevifunga mgongoni kama mtu aliyebeba mtoto asiyekunja magoti.

Alikuwa na sababu. Binti yake mdogo, Tumpe, alikohoa tangu azaliwe. Katikati ya nyumba yalikuwa mafiga, na moshi ulikaa humo kama mgeni asiyejua kuaga. Mkewe, Atuganile, alipika amefumba jicho moja, na alipochoka akabadilisha, akafumba la pili.

Enea akajenga dohani ya matofali ukutani, akatoboa tundu, akaunga bomba la jiko. Mara ya kwanza alilisukuma mpaka likagonga ukuta wa nyuma wa dohani, akaridhika kwamba limekaza. Alipowasha moto, moshi wote ulirudi kwenye mlango wa jiko, ukamtafuta usoni.

Mama yake, Bibi Sekela, alikuwa ameketi kwenye kigoda chake. "Mwanangu," alisema, "umeliziba jiko pua, halafu unalidai lipumue."

Enea akalivuta bomba nyuma vidole vinne, akakandika kiungo kwa udongo uliochanganywa na majivu, akawasha tena. Moshi ukapanda, ukatokea juu ya paa. Majirani walikuja kutazama, wakaingia ndani, wakakaa, wakashangaa kuonana sura.

Bibi Sekela yeye alitazama juu, kwenye dari ya mianzi iliyokuwa nyeusi tititi kwa masizi. Huko yalining'inia mahindi ya mbegu, yale mekundu ya marehemu mumewe, yanayostahimili baridi. Mwaka ule mvua ya mawe ilikuwa imeyapiga mashamba ya kijiji kizima. Mbegu hiyo ilibaki katika nyumba hiyo tu, na majirani wanne walikuwa wameahidiwa.

"Na dari je?" aliuliza.

"Dari haikohoi, mama," Enea akajibu, na watu wakacheka. Bibi Sekela naye akacheka, maana alipenda utani hata ukimpiga yeye. Hakuuliza tena.

Tumpe akaacha kukohoa. Kila alfajiri Enea alijilaza akisikiliza kile kimya cha mtoto, akakiona kitamu kuliko wimbo. Mahindi huko juu nayo yalikuwa kimya, lakini hayo hakuna aliyeyasikiliza.

Ukafika mwezi wa kupanda. Majirani walikuwa wameshaketi uani na vikapu vyao Atuganile alipopanda ngazi. Alishika bunzi la kwanza, likawa jepesi kama unyoya. Unga ukammwagikia mikononi, na fukusi wakatembea juu ya vidole vyake bila haraka, kama watu walio kwao.

"Baba Tumpe, njoo," alisema. Hakupaza sauti.

Enea alishusha yote, bunzi baada ya bunzi. Punje nzima alizopata hazikujaza kiganja. Mzee Luvanda, jirani wa karibu, akakitazama kile kiganja.

"Hizi tutazipanda wapi, Enea? Kwenye chungu?"

Safari hii hakuna aliyecheka. Enea akamgeukia mama yake. "Mama, ulijua?"

"Nilijua moshi unalinda mbegu, kama bibi yako alivyojua. Nikakuuliza."

"Uliuliza mara moja tu, tena kwa mzaha."

"Mzaha ulikuwa kwenye jibu, mwanangu. Mimi niliuliza." Akafuta pua kwa pembe ya kanga. "Lakini nami nilimsikia mtoto akilala bila kukohoa. Nikajisemea, labda baridi itawazuia hao fukusi. Nimekosea pamoja nawe."

Walipata mbegu ya bondeni kwa kutoa mbuzi wawili. Iliota vizuri, ikawapa matumaini, kisha baridi ikaiunguza kabla haijatoa mbelewele. Nyumba zile tano zikaingia njaa kwa mlango mmoja.

Hapo Bibi Sekela akaanza kusema ameshiba. Asubuhi ameshiba, jioni ameshiba, na sahani yake ikasogezwa kwa Tumpe. Enea alipong'amua kwamba huo ndio utani wa mwisho wa mama yake, mwili wake ulikuwa umeshakuwa mwepesi kama lile bunzi. Walimzika mwezi wa sita, ardhi ikiwa ngumu kwa baridi.

Siku ya mazishi, watu wamejaa ndani, Enea alilishika bomba akalichomoa. Moshi ukatanda nyumba nzima. Kila mtu akatokwa na machozi, hata usijue nani anamlilia marehemu na nani anayalilia macho yake. Bibi Sekela angelipenda hilo.

Kisha Tumpe akakohoa. Akakohoa tena, na Atuganile akambeba kumtoa nje bila kumtazama mumewe.

Enea akabaki amesimama, bomba mkononi. Akilirudisha, mbegu ya kesho haina mlinzi. Asipolirudisha, yule mtoto. Akainua uso kwenye dari, midomo ikimcheza kama mtu anayeuliza jambo. Huko juu kulikuwa na mianzi na masizi, basi.

Mzee Luvanda alikuwa mlangoni, anajifuta macho. "Sasa unaiuliza," alisema, "na sasa haina kitu cha kukujibu. Kabla hujafukuza moshi, Enea, iulize dari."