Mzee Asiye na Shida kwa Kiingereza

Mbachao ni mkeka mkuukuu, umechakaa kingo, lakini ni wako. Msala upitao unapendeza macho, ila una mwenyewe na unaenda zake. Anayeutupa wa kwanza kwa kuutamani wa pili hulala sakafuni. Bairbre alilijua hilo tangu utotoni, na bado akakosea.

Alizaliwa pwani ya Connemara, kwenye mawe mengi kuliko udongo, na mpaka alipofika miaka sita hakuwahi kuomba maziwa kwa lugha nyingine ila Kiayalandi. Kiwanda cha samaki alikofanya kazi miaka kumi na mitano kilipofungwa, alijaza fomu ya kuomba kazi katika ofisi moja mjini Galway, ile inayowapatia wazee wasaidizi wa nyumbani. Palipoulizwa lugha anazozijua, aliandika neno moja: Kiingereza.

"Na hiki tunachogombana kwacho sasa hivi?" mama yake, Nan, alimuuliza huku akimenya viazi.

"Hiki hakina cheti, mama. Cha vyeti kiko Dublin. Changu ni cha jikoni."

"Jikoni ndiko ulikolia ukakua. Haya, wafiche hao wa ofisini. Utasema umelelewa na nani, redio?"

Alipata mkataba wa miezi sita kwenye meza ya simu za Kiingereza, akiwapigia wazee kuwauliza shida zao. Meza ya Kiayalandi ilikuwa ya Fiachra, mtu wa Dublin mwenye shahada mbili za lugha hiyo, mpole kama maji ya mtungi. Bairbre akisikia jinsi anavyolitamka kila neno kwa uangalifu, alizidi kuona haya na kuufyata ulimi. Hakuna aliyejua kwamba anaelewa.

Wiki mbili kabla mkataba haujaisha, mkuu wa ofisi, Bi. Hanley, aliwaita wote wawili. Simu za Kiingereza zingehamishiwa mji mwingine. Nafasi ya kudumu iliyobaki Galway ilikuwa moja tu, ya meza ya Kiayalandi, na hiyo nayo alikusudia kuifuta.

Nyumbani mume wa Bairbre alikuwa ameshaanza kuulizia shule za watoto huko Boston, kwa dada yake. Kazi hii ikiisha, wangefunga mlango na kuondoka, na Nan angebaki na paka.

"Simu arobaini na moja kwa miezi sita," Bi. Hanley alisema akigonga karatasi kwa kalamu. "Wote wanaishia kusema hawana shida. Watu hawaitaki huduma hii, Fiachra. Si kosa lako."

"Wakinisikia tu, wanahamia Kiingereza," Fiachra alijibu kwa unyonge. "Nadhani wananihurumia."

Bairbre aliinamisha kichwa. Alijua. Kwao hiyo ni adabu: ukimsikia mgeni anakwenda kwa lugha yako kama mtu aliyevaa viatu vya kuazima, unampumzisha kwa Kiingereza. Na kwa Kiingereza, mzee wa kwao hujibu jibu moja tu: niko salama, asante, usijisumbue.

Akaitazama ile karatasi. Jina la tatu lilikuwa la Beairtle, mfugaji wa kondoo, jirani wa ng'ambo ya kilima. Mbele yake pameandikwa: hana shida. Jumapili iliyopita tu Nan alikuwa amesema kwamba Beairtle hajaonekana kanisani majuma matatu, na moshi wa jiko lake siku hizi hutoka adhuhuri badala ya alfajiri.

Kusema kulikuwa ni kukiri kwamba alificha jambo kwenye fomu. Kunyamaza kulikuwa ni Boston. Lakini kilichomsukuma hasa ni ule moshi.

"Nipe hiyo simu," akasema.

Iliita mara kumi. Beairtle alipopokea kwa Kiingereza chake cha mkato, Bairbre alimjibu kwa Kiayalandi cha jikoni.

"Wewe wa nani?" mzee akauliza, kwa Kiayalandi sasa.

"Bairbre wa Nan wa Tom."

"Aa, wa Tom. Babu yako alinikanyagia viazi vyangu mwaka ule wa theluji, na hakuniomba radhi hadi anaingia kaburini."

"Basi nakuomba mimi, mzee wangu. Mbona unawasha moto adhuhuri?"

Mzee alianza na mbwa, akaja kwenye mvua, akapitia kwa kondoo waliopotea. Bairbre hakumkatiza. Kisha, kwa sauti ya chini, mzee akasema kwamba alianguka ngazini mwezi uliopita, kwamba analala kwenye kiti, na kwamba kuinuka kuwasha moto humchukua asubuhi nzima. Bairbre alikuwa akiandika. Bi. Hanley, ambaye hakuelewa hata neno, alisimama akiitazama fomu ikijaa mstari kwa mstari.

"Huyu alituambia hana shida," alisema simu ilipokatwa.

"Kwa Kiingereza hana," Bairbre alijibu. "Shida zake zote ziko kwa Kiayalandi."

"Na wewe ulituandikia huna Kiayalandi."

"Niliandika hivyo. Niliona aibu."

Bi. Hanley aliichukua ile fomu iliyojaa. "Mimi nafuta meza isiyo na watu. Hii imepata mtu, na nafasi ni yako. Aibu yako ilipe kwa kazi: wapigie wote waliobaki."

Fiachra alivuta kiti chake karibu naye. "Na mimi niache nisikilize," akasema, "kama hutanicheka."

"Nitakucheka kidogo," alisema Bairbre. "Kwetu ndivyo mtu anavyofundishwa."

Wakapiga simu arobaini. Thelathini na nane walipokea, na wengi walikuwa na ya kusema. Mbili ziliita mpaka zikakatika zenyewe. Bairbre hakuuliza kwa nini. Majina hayo mawili alishayasikia redioni, kwenye matangazo ya mazishi ya asubuhi, wakati yeye akinywa chai na kujiandaa kwenda kukaa kimya kazini.

Jioni hiyo alimkuta Nan akimenya viazi. Akachukua kisu cha pili, akaketi.

"Nimepata kazi, mama. Hatuondoki. Lakini nimechelewa."

Nan hakumtupia neno la kejeli safari hii. Alimsogezea tu kiazi, kwa maana lililokuwa la kusemwa wahenga walishalisema: usiache mbachao kwa msala upitao.